Kitenzi "get": jinsi ya kuitambua maana iliyokusudiwa

Msomaji mmoja ameeleza kwamba amejifunza Kiingereza kwa miaka mingi na anasoma magazeti ya lugha hiyo bila taabu, lakini kitenzi "get" bado kinamtatiza. Kamusi yake imekipa kitenzi hicho kurasa nzima za maana, na kila anapodhani amezimaliza hukutana na nyingine. Ametuma sentensi moja aliyoipokea kazini, nami nainukuu kama ilivyo: "I got your message when I got home, but it was getting late and I couldn't get anyone to get the door open." Anauliza mambo matatu: kama ipo njia ya kuitambua maana iliyokusudiwa bila kukariri orodha ya kamusi, kama ni kweli, alivyoambiwa na msimamizi wake, kwamba neno hili halifai kabisa katika maandishi rasmi, na kama umbo la "gotten" ni kosa.

Njia ipo, na msemaji wa Kiswahili anayo tayari katika lugha yake mwenyewe. Chukua kitenzi 'piga'. Tunapiga simu, picha, pasi, magoti, hodi, kura na mbizi, na hakuna hata mmoja wetu aliyepata kukaa chini akakariri kwamba 'piga' kina maana ya kwanza, ya pili na ya kumi. Tunasikia neno linalofuata, na maana inakamilika hapo hapo. "Get" ni kitenzi cha aina hiyo. Kikiwa peke yake hakisemi mengi. Kinadokeza tu kwamba kuna badiliko, kwamba mtu au kitu kimetoka katika kutokuwa na jambo fulani na kuingia katika kuwa nalo. Jambo lenyewe ni lipi, utalijua kwa kutazama aina ya neno linalofuata: nomino, kivumishi, mahali, kitenzi kingine, au nomino yenye kitenzi au kivumishi nyuma yake. Mwanafunzi anayejizoeza kutazama kinachofuata, badala ya kukikodolea macho kitenzi chenyewe, huondokewa na sehemu kubwa ya utata.

Tuijaribu njia hiyo kwa sentensi aliyoileta msomaji wetu, ambayo ina "get" tano. Katika "got your message" kinachofuata ni nomino, kwa hiyo maana ni kupata au kupokea. Katika "got home" kinachofuata ni mahali, na maana ni kufika. Katika "getting late" kuna kivumishi, na maana ni hali inayobadilika: muda unakwenda, giza linaingia. Katika "get anyone to" kuna mtu, na baada yake kitenzi chenye "to", na hapo maana ni kumfanya mtu atende jambo. Na katika "get the door open" kuna kitu kinachofuatwa na kivumishi, na maana ni kukiingiza kitu hicho katika hali fulani. Kwa Kiswahili tutasema: niliupata ujumbe wako nilipofika nyumbani, lakini muda ulikuwa unakwenda na sikuweza kumfanya mtu yeyote aufungue mlango. Kitenzi kimoja cha Kiingereza kimetawanyika katika vitenzi vitano vyetu, na kila mara neno linalofuata ndilo lililoamua. Angalia pia kwamba mwandishi hakusema "open the door". "Get the door open" inadokeza kwamba palikuwa na ugumu, kwamba mlango ulikwama au ulifungwa kwa ndani, na kuufungua kungehitaji juhudi. Mdokezo huo wa kufanikiwa baada ya taabu huambatana na "get" mara nyingi, na ni vizuri sikio lako lijifunze kuusikia.

Kundi la nomino ndilo kongwe kuliko yote. Neno lenyewe lilitoka katika lugha ya watu wa Skandinavia walioivamia Uingereza na kisha kufanya makazi katika maeneo ya kaskazini na mashariki tangu karne ya 9, na likaanza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza mnamo mwaka 1200 hivi. Kwao "geta" ilimaanisha kupata, kufikia, na hata kuzaa. Kiingereza cha kale kilikuwa na ndugu yake wa damu, ambaye hakubaki peke yake bali amejificha ndani ya "forget" na "beget". Shina la familia hiyo yote lilihusu kushika au kutwaa kwa mkono. Kupata ndiko kulikotangulia. Kufika na kuwa vilikuja baadaye, kwa mwendo unaoeleweka, maana anayefika amepata mahali, na anayechoka amepata uchovu.

Hapa 'pata' ya Kiswahili itakusaidia sana, mradi ukumbuke kwamba "get" haijali kama kitu kilikuja chenyewe au mtu alikwenda kukitafuta. "She got a letter" ni kupokea, "she got a ticket" huenda ni kununua, "she got a chair from the next room" ni kwenda kuchukua, na "she got malaria" ni kuambukizwa. Ukiona watendwa wawili, kama katika "get me a chair", ujue Kiingereza kinafanya kwa mpangilio wa maneno kile ambacho sisi tunakifanya kwa kauli ya kutendea: 'niletee kiti'.

Tofauti moja ndogo katika kundi hili inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu kuikosa kunabadilisha habari yenyewe. "I've got a headache" inamaanisha naumwa kichwa sasa hivi. "I get headaches" inamaanisha huumwa na kichwa mara kwa mara, hata kama kwa wakati huu sijambo. Ya kwanza ni hali iliyopo, na ya pili ni mazoea, yaani mahali ambapo Kiswahili kingetumia 'hu-'. Mgonjwa anayemweleza daktari tatizo la muda mrefu akisema "I've got headaches" ataeleweka kwamba anazungumzia leo.

Nikihamia kwa vivumishi, hili ndilo kundi ninaloliona likiwasumbua zaidi wasemaji wa Kiswahili, na sababu yake imo katika sarufi yetu. Hali nyingi ambazo Kiingereza huzieleza kwa kivumishi, sisi huzieleza kwa kitenzi: kuchoka, kukasirika, kulowa, kuzeeka, kushiba, kukauka. Kwa hiyo tofauti ambayo Kiingereza huifanya kwa kubadilisha kitenzi kati ya "be" na "get", sisi huifanya kwa kubadilisha kiambishi cha wakati. 'Nimechoka' ni "I am tired", kwa sababu badiliko limekwisha kutokea na ninachoeleza ni hali. 'Ninachoka' ni "I am getting tired", kwa sababu badiliko linaendelea. 'Nilichoka' kwa kawaida ni "I got tired", tukio la kuingia katika uchovu, na 'nilikuwa nimechoka' ni "I was tired". Ukiyashika maumbo haya manne utaweza kuyatumia kwa vitenzi vyote vya aina hiyo, na utaepuka sentensi kama "when I arrived I got tired", ambayo huandikwa na watu wanaokusudia kusema kwamba walifika wakiwa wamechoka. Msomaji wa Kiingereza ataelewa kwamba ulifika ukiwa mzima, kisha uchovu ukakuanza pale ulipofika.

Hapo hapo linazuka swali la "become", kwa sababu vitabu vingi husema tu kwamba maneno haya mawili yana maana moja. Katika vivumishi vya kila siku hukaribiana: "it got cold" na "it became cold" zote ni sahihi, ya pili ikiwa na sauti rasmi zaidi. Lakini vivumishi vizito, kama "important" au "necessary", hukaa vizuri zaidi na "become". Yapo pia mabadiliko ambayo Kiingereza huyapa vitenzi vyake maalumu: mtu anayepofuka "goes blind", chakula kinachoharibika "goes bad", na uso unaoiva kwa haya "turns red". Na mbele ya nomino inayotaja kazi au cheo, "get" haiwezi kabisa kushika nafasi ya "become". "She wants to become a doctor" inamaanisha anataka awe daktari. "She wants to get a doctor" inamaanisha anataka kwenda kumwita daktari, na yeyote atakayeisikia atauliza ni nani anayeumwa. Kanuni ile ile imefanya kazi: kilichofuata ni nomino, kwa hiyo maana imerudi kwenye kupata.

Karibu sana na vivumishi kuna maumbo ya kitenzi yaliyokamilika, kama "married", "lost", "dressed", "stuck", "hurt", "paid". "They are married" inaeleza hali, yaani wameoana. "They got married" inaeleza tukio, yaani walioana siku fulani. Kwa mfano huo, "get lost" ni kupotea, "get dressed" ni kuvaa, na "get stuck" ni kukwama. Kisha maumbo haya hutupeleka moja kwa moja kwenye kauli ya kutendwa, ambapo "he was promoted" na "he got promoted" zote zinamaanisha alipandishwa cheo.

Je, kuna tofauti kati ya "was" na "got" katika sentensi za namna hiyo? Ipo, na inahitaji maelezo. Kauli ya kutendwa yenye "get" ni ya mazungumzo zaidi, na hupenda matukio yanayomgusa mhusika kwa wema au kwa ubaya, hasa kwa ubaya: "he got arrested", "she got hit by a car", "we got caught in the rain". Mara nyingi pia hudokeza kwamba mhusika mwenyewe alikuwa na mkono katika lililompata, au kwamba lilitokea ghafla. Vitenzi visivyotaja tukio lolote, kama "know" na "believe", havikai nayo. Huwezi kusema "the answer got known by everybody". Kwa msemaji wa Kiswahili ninaona inafaa kuiweka kauli hii katikati ya kutendwa na kutendeka. "The cup got broken" iko karibu zaidi na 'kikombe kilivunjika' kuliko na 'kikombe kilivunjwa', kwa sababu msemaji anataja kilichotokea bila kumtafuta aliyetenda.

Kuna kosa moja la wasemaji wa Kiswahili ambalo ningependa kulieleza kwa kirefu, kwa kuwa nalikuta hata katika maandishi ya watu waliosoma sana. Kiswahili kinaruhusu kusema 'niliibiwa simu'. Kiima ni mimi, mwathirika. Simu imebaki nyuma ya kitenzi. Na sentensi ni safi kabisa. Mtu akiibeba jinsi ilivyo ataandika "I was stolen my phone", na hapo Kiingereza kitamgomea, kwa sababu kitenzi "steal" katika kauli ya kutendwa humfanya kiima kuwa kile kilichochukuliwa. Anayesema "I was stolen" amesema kwamba aliibwa yeye mwenyewe. Njia sahihi ziko kadhaa. Katika maandishi andika "my phone was stolen". Katika mazungumzo sema "my phone got stolen". Na kama unataka kubaki na mimi mwanzoni mwa sentensi, kama Kiswahili kinavyopenda, Kiingereza kina muundo unaokufaa: "I had my phone stolen", au kwa lugha ya mazungumzo "I got my phone stolen".

Muundo huo wa mwisho una utata wake. Linganisha "I got my phone stolen" na "I got my phone repaired". Katika sentensi ya pili mimi ndiye niliyetaka jambo litendeke, nikampa fundi, naye akaitengeneza. Katika ya kwanza jambo lilinipata bila kutaka. Sarufi ya sentensi hizo mbili ni moja, na kinachozitenganisha ni akili ya kawaida tu, kwani hakuna mtu anayepeleka simu yake ikaibwe. Kiswahili nacho kinaacha utata kama huo kwa msikilizaji: 'alinyolewa nywele' huenda alitaka, huenda hakutaka.

Sasa tutazame kumfanya mtu atende. Baada ya "get" na mtu, kitenzi kinachofuata lazima kiwe na "to": "I got him to sign the form". Baada ya "make" na "have", kitenzi hicho hakina "to": "I made him sign", "I had him sign". Wanafunzi wengi huzichanganya, wakaandika "I got him sign" au "I made him to sign", na zote mbili si sahihi. Zaidi ya sarufi kuna tofauti ya uhusiano kati ya watu hao wawili. Aliyesema "I got him to sign" alimshawishi, pengine baada ya kumbembeleza. Aliyesema "I made him sign" alimlazimisha. Aliyesema "I had him sign" alikuwa na mamlaka au utaratibu uliomwezesha kumwagiza, na mwingine akatekeleza bila ubishi. Kiswahili kina viambishi vya kutendesha, kama katika 'nilimsainisha fomu', ambavyo haviweki wazi kama palikuwa na ushawishi au nguvu. Kwa hiyo unapotafsiri kauli ya kutendesha kwenda Kiingereza, jiulize kwanza uhusiano ulikuwaje, ndipo uchague kitenzi. Barua ya kikazi inayosema "I made the director sign" inaweza kumkasirisha mkurugenzi bure, ilhali mwandishi alikusudia kusema tu kwamba alifanikiwa kupata saini yake.

Kama hakuna mtu katikati, na "get" inafuatwa mara moja na kitenzi chenye "to", maana ni kupata nafasi, na hapa lugha zetu zinakwenda bega kwa bega: "I got to meet the author" ni 'nilipata kukutana na mwandishi'. "Get to know" ni kufahamiana pole pole. Kitenzi kikiwa na "-ing", kama katika "let's get going", maana ni kuanza kutenda. Lakini jihadhari na "get used to", yaani kuzoea, ambapo "to" ni kihusishi na kinachofuata ni nomino au umbo la "-ing": "I got used to waking early", wala si "to wake early".

Kuhusu mahali sina mengi ya kusema, ila kwamba "home", "here" na "there" hazitaki "to": "get home", "get there", lakini "get to the office". Kwa basi, treni na ndege husemwa "get on" na "get off". Kwa gari dogo husemwa "get in" na "get out of".

Kutoka hapo tunaingia katika vile vitenzi vya maneno mawili au matatu vinavyoijaza kamusi, kama "get over", "get through", "get by", "get across". Ushauri wangu ni kuanza kila mara na picha ya mahali, kwa sababu vingi vilianza kama safari halisi kabla ya kuwa mafumbo. "Get over a wall" ni kuuvuka ukuta; "get over an illness" ni kuuvuka ugonjwa, yaani kupona. "Get through a crowd" ni kupenya katika umati. "Get through a difficult year" ni kuumaliza mwaka mgumu ukiwa umesalimika. "Get across a river" ni kuuvuka mto. "Get an idea across" ni kulifikisha wazo kwa msikilizaji. Hata "don't let it get to you", inayowashangaza wengi, ni safari ileile ya kufika: jambo lisikufikie moyoni likakuumiza. Vichache havisaidiwi na picha na havina budi kukaririwa, na cha kwanza ningekiweka "get away with", yaani kutenda kosa bila kuadhibiwa. Kuhusu "get along with", yaani kuelewana, ninafurahi kila ninapoikumbuka, kwa kuwa Kiswahili kimefika pale pale kwa njia yake chenyewe: kutoka 'pata' tumeunda 'patana'. Vivyo hivyo "I get you" kwa maana ya nimekuelewa, ambayo msemaji wa Kiswahili anaisema kila siku kwenye simu: nimekupata.

Kabla ya kuyajibu maswali mawili yaliyobaki, kuna "have got" inayohitaji kuwekwa mahali pake. Kwa umbo lake ni wakati timilifu, 'nimepata', lakini kwa maana imekuwa wakati uliopo wa kumiliki, 'nina'. Mantiki yake haitupi shida: aliyekwisha kupata kitu anacho. "I've got two sisters" ni nina dada wawili, na "I've got to leave" ni lazima niondoke. Maana hii ya kumiliki hukaa zaidi katika wakati uliopo. Kwa wakati uliopita sema "I had two books", kwa kuwa "I had got two books" ingeeleweka kwamba nilikuwa nimekwisha kuvipata mahali fulani. Na katika swali fuata kitenzi ulichokichagua: "Have you got a pen?" au "Do you have a pen?", lakini si "Do you have got a pen?".

Sasa kuhusu maandishi rasmi. Msimamizi wa msomaji wetu yuko sahihi kwa nusu. Ni kweli kwamba katika barua ya kikazi, ripoti au andiko la kitaaluma, "get" huonekana ya mazungumzo, na tatizo kubwa zaidi ni kwamba inamwachia msomaji kazi ya kuamua maana. Palipo na kitenzi mahsusi, kitumie. Badala ya "I got your letter and I am getting the documents", andika "I have received your letter and am obtaining the documents". Badala ya "costs got higher", andika "costs rose". Badala ya "he got dismissed", andika "he was dismissed". Katika wasifu wa kazi usiandike "I have got three years' experience". Liondoe neno "got" tu, na sentensi itakuwa imara zaidi bila kuhitaji neno jingine.

Nusu isiyo sahihi ni lile neno 'kabisa'. Kuna mahali ambapo "get" ndiyo lugha ya kawaida hata katika maandishi ya heshima, na kuikwepa huzaa maneno yanayochechemea. "They got married in June" haina kasoro yoyote katika ripoti au katika wasifu wa mtu. "Get rid of" inaweza kubadilishwa kuwa "remove" au "dispose of" pale tu inapofaa kwa maana, si kwa hofu ya neno. Mwandishi anayebadilisha kila "get" kuwa "obtain" ataishia na sentensi kama "the child obtained a fever", ambayo hakuna mwenyeji wa lugha anayeweza kuiandika, kwa kuwa "obtain" inadai kwamba mtu alikitafuta kitu hicho kwa makusudi. Kwa hiyo usilifute neno kwa kuliona tu. Jiulize kwanza ni maana gani kati ya zile tulizozieleza, kisha utafute kitenzi cha maana hiyo; ukikosa kinachokaa vizuri, iache "get" mahali pake.

Na "gotten" si kosa. Ni umbo la zamani la Kiingereza chenyewe, lililokuwa likitumika Uingereza wakati wahamiaji walipokuwa wakielekea Amerika ya Kaskazini katika karne ya 17. Baadaye Waingereza wengi waliliacha wakabaki na "got", huku Wamarekani wakiendelea nalo. Na hata Uingereza limebaki ndani ya "forgotten" na katika kirai "ill-gotten gains", yaani mali iliyochumwa kwa njia zisizo halali. Ukiandika kwa mtihani au ofisi inayofuata Kiingereza cha Uingereza, tumia "got". Ukiandika kwa Wamarekani, tumia "gotten" pale wanapoitumia wao, na usichanganye taratibu hizo mbili katika andiko moja. Ila fahamu kwamba Wamarekani hawakuiacha "got". Wanazo zote mbili, na wanazitenga kwa maana. "I've gotten a new car" kwao ni nimepata gari jipya, "it has gotten cold" ni kumekuwa baridi, na "I've gotten to know her" ni nimepata kumfahamu. Lakini kwa kumiliki na kwa kulazimika husema "got", kama ilivyo Uingereza: "I've got a car" ni nina gari, na "I've got to go" ni lazima niende. Kwa sababu hiyo, anayetaka kusema tu kwamba ana gari, kisha akaandika "I've gotten a car" akidhani ndivyo Wamarekani wasemavyo, ataeleweka huko huko Marekani kwamba ndiyo kwanza amelipata.